Mduara wa Ijumaa Usigeuzwe Orkesta

Kamati ya wanafunzi imependekeza kwamba kikundi kinachopiga muziki kila Ijumaa chini ya mwembe, nyuma ya kumbi zetu za masomo, kiwe orkesta rasmi ya kitivo. Kutakuwa na mtihani wa kuingia, mazoezi mara mbili kwa juma, sare, na nafasi kumi tu. Wenye wazo hili hawana nia mbaya. Wanataka kitivo kiwe na kitu cha kuonyesha siku ya sherehe za kufunga mwaka. Mimi ni mmoja wa wale wa chini ya mwembe tangu siku ya kwanza, na mtihani huo pengine ningeupita. Hata hivyo ninapinga, na ninaomba wanafunzi wenzangu na walimu wetu wanisikilize kabla kamati haijakata shauri.

Kwa wasiowahi kufika: jambo lilianza na asistenti wetu mmoja aliyerudi kutoka masomoni Ulaya na ukulele ndani ya mfuko wa nguo. Ni gitare ndogo ya nyuzi nne, unaweza kuiweka kwapani na kupanda nayo basi bila abiria kulalamika. Wanafunzi wa mwaka wa kwanza waliosoma kamusi yao vizuri walisema mara moja kwamba jina hilo ni letu, kwa kuwa kwa Kiswahili ukelele mmoja na ukelele mwingine ni kelele. Wazo zuri, bahati mbaya si kweli. Jina ni la Kihawaii, uku ni kiroboto na lele ni kuruka, na chombo chenyewe kilizaliwa kutokana na kigitare cha Wareno wa kisiwa cha Madeira. Wahamiaji wa kisiwa hicho walifika Honolulu mwaka 1879 kwa meli iitwayo Ravenscrag, wakienda kufanya kazi katika mashamba ya miwa. Miongoni mwao walikuwamo maseremala waliojua kutengeneza vigitare vya kwao. Wenyeji wakakipokea chombo, wakakigeuza kidogo, wakakipa jina lao. Watu wa isimu wanajua kwamba hata maneno husafiri namna hiyo.

Leo mduara una ukulele tatu, gitare mbili, likembe moja isiyokubali kupatana sauti na chombo chochote, beseni la plastiki na chupa ya bia inayogongwa kwa kijiko. Moja ya ukulele hizo imefungwa nyuzi za mshipi wa wavuvi kutoka sokoni. Inalia vizuri kuliko ile ya asistenti, ingawa mwenyewe hapendi tuseme.

Tulichagua ukulele kwa sababu mlango wake ni mpana. Akodi ya do inahitaji kidole kimoja. La minor, kidole kimoja. Fa, viwili. Sol inahitaji vitatu, na hapo ndipo watu wanapoanza kutoa jasho. Mtu asiyewahi kushika chombo chochote maishani anaweza kukaa nasi saa kumi kamili, na saa kumi na robo akawa ndani ya wimbo, hata kama anapiga do peke yake na kunyamaza zinapopita nyingine. Sasa kamati inataka kuweka mlinzi kwenye mlango huo.

Sheria ya mduara ni moja: wimbo hausimami. Anayejua zaidi hutaja akodi kwa sauti kabla haijafika. Lazima aitaje mapema kidogo, maana akiitaja wakati ule ule inapopigwa, wengine wote wamekwisha kuchelewa. Ukipotea, unafunika nyuzi zote kwa mkono wa kushoto bila kuzikandamiza, na mkono wa kulia unaendelea kupiga. Haitoki sauti ya muziki, inatoka chaka-chaka tu, lakini mapigo yapo na wewe bado umo. Unasubiri do irudi, na katika nyimbo tunazopiga haikawii, kisha unaingia tena kana kwamba hukutoka. Hakuna anayekuangalia. Wengine wanaangalia vidole vyao wenyewe.

Kuangalia vidole vya jirani nako kuna mtego wake. Umbo la vidole ambalo kwenye gitare ni sol, kwenye ukulele linatoa do. Umbo la re linatoa sol. Kwa hiyo mpiga gitare anayeiga mkono wa mwenzake wa ukulele anaharibu wimbo huku akiamini yuko sahihi kabisa. Ni marafiki wa uongo, kama wale tunaofundishwa katika somo la tafsiri: unaona neno la Kifaransa linalofanana na la Kiingereza, unadhani unakwenda kuazima kitabu, kumbe umeingia dukani. Tulipoteza Ijumaa mbili kwa kosa hilo. Dawa yake ilikuwa kuacha kutazama na kuanza kusikiliza.

Nakiri kwamba mwanzoni mwendo wetu ulinikera. Mimi nilipiga gitare kanisani miaka sita, na nilikuwa na tabia ya kukimbia mbele ili watu waone kwamba najua. Mama mmoja anayeuza karanga na mikate karibu na mwembe ndiye aliyenikata. Siku moja aliniambia: «Mwanangu, unakimbizana na nani? Wenzako wako huku.» Tangu siku ile ninajaribu kupiga kwa mwendo wa yule ambaye kidole chake cha tatu bado kinatafuta njia ya sol. Ni kazi ngumu kuliko kukimbia. Kupunguza mwendo bila kulegeza mapigo kunahitaji sikio ambalo miaka yangu sita ya kanisani haikunipa.

Kuna dada mmoja wa mwaka wa kwanza, kutoka upande wa Kasai. Alipofika Lubumbashi Kiswahili chake kilikuwa salamu na bei za sokoni, na darasani hakufungua kinywa muhula mzima. Alianza kuja chini ya mwembe kugonga chupa. Baada ya majuma machache alikuwa anaimba kiitikio pamoja nasi, maana kiitikio kinarudi mara nane na mara ya tano mdomo umekwisha kukizoea. Kisha akaanza kuuliza maana ya maneno aliyokuwa akiyaimba. Kisha akaanza kubishana nasi juu ya maana hizo, kwa Kiswahili, na kwa makosa mengi. Mwezi uliopita alisimama darasani akatoa maelezo ya dakika kumi. Sidai kwamba chupa ya bia ndiyo iliyomfundisha. Ana walimu, na ana bidii yake. Ninachosema ni kwamba katika mtihani wa kuingia orkesta yeye angekuwa wa kwanza kurudishwa nyumbani.

Najua jibu nitakalopewa, nimekwisha kulisikia: kwamba nchi hii haikukosa wapigaji wakubwa, na wakubwa hawatoki katika mduara wa watu wanaopiga akodi tatu. Nitatajiwa Mwenda Jean Bosco, ambaye Hugh Tracey alimrekodi Jadotville, ndiyo Likasi ya leo, mwaka 1952, na ambaye Masanga yake bado inasumbua vidole vya wapiga gitare wa nchi nyingi. Ni kweli. Bosco alipiga kwa gumba na kidole cha shahada, na mikono yake ilitosha kazi ya watu wawili. Mtu wa namna hiyo hahitaji mwembe wetu. Lakini sikilizeni tena rekodi za gitare za Katanga za miaka ile ya 1950. Katika nyingi, nyuma ya gitare, kuna mtu anagonga chupa. Hakuna anayeuliza jina lake, wala hakuna aliyemfanyia mtihani. Iondoe chupa hiyo, uone gitare inavyobaki uchi.

Tena, mpigaji wa peke yake ana ruhusa ya kukawia na kuharakisha apendavyo. Mduarani ruhusa hiyo haipo, na kwa watu wa kitivo cha lugha hilo linapaswa kuwa na uzito. Tunakumbuka jioni zetu za mazungumzo ya Kiingereza. Mtu akikosea kitenzi, watu wanne walimrukia kabla hajamaliza sentensi. Juma la kwanza tulikuwa thelathini na zaidi, juma la nne tukabaki sita, wote wale wale ambao tayari walikuwa wanazungumza vizuri. Hao sita walifurahi sana. Jioni zenyewe zikafa. Hata Kiswahili chetu tunakitendea hivyo: anayesema kama wanavyosema Kenya au Katuba anasahihishwa katikati ya habari yake, na habari inapotea. Kusahihisha kuna mahali pake, nami nimepata faida kubwa kwa kalamu nyekundu za walimu wangu. Lakini tuna wanafunzi wanaomaliza masomo wakijua sarufi za lugha tatu na wakiogopa kuzungumza hata moja mbele ya mgeni. Hilo si jambo dogo kwa kitivo kinachojiita cha lugha.

Basi, kama kamati inahitaji orkesta kwa sherehe, iunde orkesta. Wapigaji hodari wapo, na mimi mwenyewe nitavaa sare ikinibidi. Ifanye mazoezi Jumanne na Alhamisi, katika ukumbi. Ijumaa iachwe kama ilivyo, bila orodha ya majina, bila mchango wa fedha, bila mtu wa kuchagua nani akae na nani aondoke. Na walimu wetu, msipite tu mkitupungia mkono. Kaeni. Profesa mmoja alikaa mara moja tu, akapotea katika fa, akafunika nyuzi kama sisi wote, na Jumatatu yake darasani watu waliuliza maswali kuliko siku zote.

Juma hili tutaanza saa kumi, tukianzia do. Chupa ya juma lililopita ilipasuka, kwa hiyo mwenye nyingine aje nayo, iwe tupu.