Barua ya wazi kwa NEMA: Asbesto imepigwa marufuku, je, ipelekwe wapi?

Kwa Mkurugenzi Mkuu,
Mamlaka ya Kitaifa ya Usimamizi wa Mazingira (NEMA),
Nairobi.

Nakala: Baraza la Magavana

Mheshimiwa,

KUH: KUONDOA ASBESTO KWENYE NYUMBA ZA MAKAZI

Tangu Kanuni za Usimamizi wa Taka za mwaka 2006 ziiweke asbesto katika orodha ya taka hatari, msimamo wa serikali umekuwa mmoja: mabati ya asbesto yaondolewe, na aiondoe mtu mwenye leseni yako. Msimamo huo siupingi. Ninachopinga ni utaratibu wake. Mwenye nyumba ameambiwa anachokatazwa, lakini hajaambiwa mabati hayo ayapeleke wapi, nani atayachukua na kwa gharama ya nani. Ombi langu ni kwamba kabla ya kutoa amri nyingine ya kung'oa, mtengeneze kwanza njia ya kuondolea: daftari la majengo yenye asbesto, ratiba inayoanza na yaliyochakaa, uondoaji wa mtaa mzima kwa pamoja, na mahali halali pa kufukia panapofikika kutoka kila kaunti. Bila hayo, amri huzidisha hatari ileile inayokusudia kuikomesha.

Hoja hii inatokana na jinsi madhara yenyewe yanavyotokea. Asbesto ni madini ya nyuzi. Katika mabati ya saruji nyuzi hizo kwa kawaida ni kama asilimia 10 hadi 15, na saruji ndiyo inayozishika. Bati zima lisilo na ufa huachilia nyuzi chache sana. Likikatwa, likitobolewa au likivunjwa, hutoa nyuzi zisizoonekana kwa macho, ambazo huelea hewani kwa muda mrefu na kuvutwa hadi ndani kabisa ya mapafu, na humo mwili hauna uwezo wa kuziyeyusha. Shirika la Afya Duniani linasema aina zote za asbesto husababisha saratani, pamoja na ile nyeupe ambayo wauzaji wake wamekuwa wakiitetea, na linakadiria kuwa asbesto ya kazini huua zaidi ya watu 200,000 kila mwaka duniani. Saratani ya utando wa mapafu, mesothelioma, aghalabu hujitokeza miaka 20 hadi 50 baada ya vumbi kuvutwa. Kwa hiyo anayesema kwamba amelala chini ya paa la asbesto miaka 30 na hajaugua bado hajathibitisha lolote. Wala ugonjwa huu si wa wafanyakazi peke yao. Mwaka 1960 mtafiti Chris Wagner na wenzake walichapisha habari za wagonjwa 33 wa mesothelioma, wengi wao kutoka eneo la Cape nchini Afrika Kusini lililokuwa na migodi ya asbesto ya buluu. Miongoni mwao walikuwemo watu ambao hawakuwahi kuchimba, ila waliishi karibu na migodi. Sidai kwamba paa la saruji hutoa vumbi kama la mgodi. Nasema tu kwamba vumbi likishakuwa hewani halimwulizi mtu kazi yake.

Sasa tazama yanayotokea mwenye nyumba asiye na uwezo anapoitikia amri ya kung'oa. Kampuni yenye leseni ni ghali, na shimo halali la kufukia huenda liko mbali na kwake. Fundi wa mtaani anaahidi kumaliza kazi siku hiyohiyo. Anapanda na nyundo na kuvunja bati kuzunguka kila msumari, kwa kuwa kuulegeza msumari wenye kutu kunamchelewesha. Vipande vinarushwa chini na vumbi linafagiwa kwa ufagio mkavu. Jioni fundi anarudi kwake na nguo zilezile, na atakayezifua huzikung'uta kwanza. Mabati yaliyosalimika yanapata kazi mpya: banda la kuku, ukuta wa choo, uzio. Yaliyovunjika yanajaza mashimo ya barabara ya mtaa, ambako magari yanayasaga kila siku. Paa lililokuwa na hatari ndogo, tena mahali pamoja panapojulikana, limekuwa vumbi la mtaa mzima, na hakuna daftari linaloonyesha lilikokwenda.

Nitajibiwa kwamba kuacha asbesto juu ya vichwa vya watu, hata kwa mpango, ni kuwahatarisha kwa makusudi. Jibu hilo lina uzito, kwa sababu mabati haya hayadumu milele. Jua na mvua hula saruji, kingo huanza kubomoka, na nyumba ikishika moto mabati hupasuka kwa kishindo na kutawanya vipande. Kwa hiyo sipendekezi yaachwe na kusahauliwa. Uingereza, iliyoipiga marufuku asbesto mwaka 1999, haimlazimishi mwenye jengo la kazi kuing'oa yote kwa mkupuo. Inamlazimisha kujua ilipo, kuiandika, kuikagua na kuiacha mahali pake ikiwa bado ni nzima. Upungufu wa njia hiyo nao umeonekana, maana mwaka 2022 kamati ya Bunge la huko ilipendekeza uwekwe ukomo wa miaka 40 wa kuiondoa kabisa kwenye majengo yasiyo ya makazi, na serikali haikukubali. Poland imeunganisha mambo yote mawili. Iliipiga marufuku mwaka 1997, ikaweka mpango wa kuimaliza ifikapo mwaka 2032, serikali za mitaa zikaorodhesha majengo, na fedha za umma za mazingira zikasaidia wenye nyumba. Karibu nasi, Rwanda ilipima ukubwa wa mapaa yake ya asbesto na kuyaondoa kwa mpango wa serikali, na hata hivyo imelazimika kusogeza mbele tarehe zake. Ikiwa nchi yenye hesabu mkononi imechelewa, sisi tusiohesabu tutegemee nini?

Wapo pia watakaosema kwamba nyumba ni mali ya mtu binafsi, kwa hiyo gharama ni yake. Lakini mabati haya yaliuzwa kihalali kwa miaka mingi, na serikali yenyewe iliezekea shule, hospitali na nyumba za askari polisi. Mpangaji naye hana uamuzi juu ya paa la nyumba anayoilipia kodi, ingawa mapafu ni yake. Kifungu cha 42 cha Katiba kinampa kila mtu haki ya mazingira safi na yenye afya, na Jedwali la Nne linazikabidhi kaunti kazi ya taka ngumu. Hakuna mwenye nyumba anayeweza kujichimbia shimo la kufukia taka hatari. Hilo ni jukumu la umma tangu mwanzo. Kuhusu fedha, sehemu kubwa ya ninayoomba haihitaji mabilioni. Wahamasishaji wa afya ya jamii, ambao tayari hutembelea nyumba kwa nyumba, wanaweza kuandika paa linaloshukiwa na hali yake bila kuligusa, kisha maabara ipime sampuli kwa niaba ya mtaa, kwa kuwa jicho tupu halithibitishi asbesto. Nyumba zilizo jirani zikiondolewa mabati kwa safari moja ya kampuni moja, gharama kwa kila nyumba itapungua.

Pingamizi ninaloliogopa zaidi ni la wizi. Mwaka 2014 jimbo la Free State nchini Afrika Kusini lilitoa kandarasi ya randi milioni 255 ya kukagua na kuondoa asbesto katika nyumba za watu maskini. Habari yake imeishia mahakamani kwa mashtaka ya ufisadi, ambayo washtakiwa wameyakana. Vyovyote itakavyoamuliwa, funzo kwetu ni kwamba mkandarasi asilipwe kwa ripoti. Alipwe kwa tani zilizopimwa kwenye mizani ya shimo la kufukia, na daftari la mapaa yaliyoondolewa liwe wazi, ili mkazi wa mtaa aweze kulinganisha kilichoandikwa na kilicho juu ya nyumba.

Wakati hayo yakipangwa, NEMA itangaze kwa Kiswahili na kwa lugha za nyumbani, redioni na kwenye mabaraza ya machifu, mambo ambayo kila nyumba inaweza kuyafuata. Bati zima lisitobolewe kwa ajili ya antena wala paneli za sola, lisikwanguliwe kwa brashi ya waya, na asikanyage mtu juu yake. Matope ya mifereji ya paa yatolewe yakiwa mabichi. Bati likivunjika, vipande vilowekwe, viokotwe bila kuvunjwa zaidi, vifungwe mara mbili katika plastiki nzito na kuwekwa mbali na watoto. Sakafu ipanguswe kwa kitambaa kibichi, isifagiwe. Barakoa ya kitambaa haizuii nyuzi hizi. Kuhusu maji ya mvua, watu waambiwe ukweli bila kutiwa hofu: Shirika la Afya Duniani halijaona ushahidi wa kutosha kwamba nyuzi zinazonywewa huleta madhara kama zinazovutwa. Hofu isiyo na maelezo ndiyo inayompeleka mtu darini na nyundo.

Nakuomba, kwa hiyo, uchapishe mambo matatu: orodha ya maeneo halali ya kufukia asbesto kwa kila kaunti, pamoja na kaunti zisizo nayo, ratiba ya majengo ya umma yatakayoanza, shule zikitangulia, na bei elekezi ya kuondoa paa la nyumba ya kawaida. Mwananchi akiwa na hayo mkononi, ndipo utakapokuwa na haki ya kumwekea tarehe ya mwisho na kumshtaki akiipuuza.

Wako mwaminifu,
Mwananchi mlipa ushuru