Mji Unakuja Shambani: Usiuze Moyo wa Shamba

Wakulima wa skimu,

Kila mtu apelekaye mazao Mombasa kwa lori anaijua Shimanzi. Iko upande wa magharibi wa kisiwa, baina ya Makupa na bandari ya Kilindini. Huko waona matangi ya mafuta, maghala makubwa na njia za reli. Mahali pa kupanda hata shina moja la muhogo hapaonekani. Lakini kabla ya kazi ya kujenga reli kuanza mwaka 1896, watu wa Mombasa walikaa zaidi upande wa mashariki, katika Mji wa Kale, na sehemu kubwa ya kisiwa iliyobaki ilikuwa mashamba, minazi, miembe na vichaka.

Siitaji Shimanzi kwa kuisikitikia. Nchi haiwezi kukaa bila bandari. Nataka tuitazame ili tujue jinsi ardhi inavyobadilishwa kazi. Haikuwa jambo la siku moja. Reli ilikuja kwanza. Mwaka 1926 meli kubwa zikaanza kufunga kwenye gati za Kilindini. Gati zikataka maghala, maghala yakataka wafanya kazi, na wafanya kazi wakataka nyumba za kulala. Kila hatua iliita hatua ya pili.

Kisiwa kilipojaa, mji ukavuka maji. Daraja la kwanza la Nyali, lililoelea majini, lilifunguliwa mwaka 1931, na daraja lililopo sasa mwaka 1980. Kiwanda cha saruji cha Bamburi kilianza kazi mwaka 1954. Kiwanda cha kusafisha mafuta cha Changamwe kilianza mwaka 1963, na usafishaji ukakoma mwaka 2013. Mwaka 2017 stesheni ya reli mpya ikafunguliwa Miritini. Katika hesabu ya watu ya 1962 mji ulikuwa na watu wapatao 180,000. Katika hesabu ya 2019 Kaunti ya Mombasa ilikuwa na watu 1,208,333. Na mji haukusimama penye mpaka wa kaunti. Nenda Mtwapa, mahali palipokuwa na skimu kama hizi zenu, utaona magorofa yamesimama palipokuwa na minazi.

Sasa dalali amefika mlangoni kwako. Hachukui jembe, huchukua kamba ya kupimia. Na hesabu yake yafaa uijue kabla hujamkaribisha kitako.

Ekari moja ina futi za mraba 43,560. Ploti ya futi 50 kwa 100 ni futi za mraba 5,000. Kwa hiyo ekari moja hutoa ploti nane, na kipande kidogo hubaki cha kusaidia njia. Wewe mkulima wauliza bei ya ekari. Yeye atauza kwa bei ya ploti. Basi uliza kwanza ploti moja jirani yako imeuzwa kwa shilingi ngapi. Zidisha kwa nane. Toa gharama za kupima na njia. Ukishaona jibu, linganisha na fedha unazoahidiwa. Watu wengi wangefanya hesabu hii jioni moja tu, wasingetia kidole chao katika wino asubuhi yake.

Wengine husema, "Mji utakuja hata nikikataa, afadhali niuze mapema." Neno hili ni kweli nusu. Mji utakuja. Lakini auzaye mapema ndiye auzaye kwa bei ndogo kuliko wote, na hatakuwapo kufaidi barabara, umeme na maji vitakavyoifuata ploti aliyoiuza. Fedha za shamba huingia siku moja. Pikipiki huchakaa, arusi hupita, na mwaka wa tatu mwana wa mwenye shamba anaomba kibarua cha kuchanganya saruji pale pale alipozaliwa.

Simwambii mtu asiuze kamwe. Karo ya shule ni karo, na ugonjwa haungoji mavuno. Ninasema usiuze moyo wa shamba. Ikiwa lazima, toa ukingo ulio karibu na barabara, tena kwa ploti, si kwa ekari. Baki na kisima, udongo mzuri na nyumba. Ukiweza kukodisha, kodisha. Mombasa wanaujua sana mtindo wa nyumba bila ardhi: mmoja ana nyumba, mwingine ana kiwanja, na mwenye nyumba humlipa mwenye kiwanja kodi. Mtindo huo umeleta ugomvi mwingi, maana mara nyingi mapatano yalikuwa ya mdomo na kodi haikuwekewa njia ya kupanda. Basi wewe andika: miaka mingapi, kodi kiasi gani, itaongezwa lini. Mali bila daftari hupotea bila habari.

Na sehemu uliyobaki nayo, ilimie mji. Hapa ndipo naona tunalala. Magari ya mboga hutoka Taita na Loitoktok, yakaenda kushusha mzigo soko la Kongowea. Hatuwezi kushindana nao kwa kabichi. Kule kuna baridi. Lakini vitu vinavyoharibika upesi ni haki ya mtu aliye karibu. Mchicha hung'olewa baada ya wiki tatu au nne, nao ukishinda juani siku moja haununuliwi. Maziwa ya asubuhi, mayai na madafu ni hivyo hivyo. Ekari iliyopandwa minazi kwa nafasi ya futi 30 huchukua miti 48, na mnazi mrefu wa pwani huweza kuzaa kwa miaka 60 na zaidi. Dalali hana fedha za namna hiyo mfukoni mwake.

Mwisho, habari ya sheria. Sheria ya Udhibiti wa Ardhi ya mwaka 1967 yasema kwamba kuuza, kugawa au kukodisha shamba la kilimo katika sehemu zilizo chini ya sheria hiyo kwahitaji kibali cha bodi ya ardhi. Pasipo kibali, mapatano ni batili, na aliyelipa aweza kukudai fedha zake kama deni, nawe pengine umekwisha kuzitumia. Tena wengi katika skimu hawajamaliza deni la skimu, na hati haitoki mpaka deni liishe. Karatasi iliyoandikwa dukani mbele ya mashahidi wawili si hati. Na kabla hujakwenda kwenye bodi, kaa na mkeo na watoto wako wakubwa, mzungumze. Shamba ulipewa wewe, lakini wanaolitegemea ni wengi.

Ukiwa na shaka, njoo ofisi ya kilimo iliyo karibu nawe kabla ya kutia sahihi. Ukija baada ya kutia sahihi tutakupa kiti na kukusikiliza, lakini shamba hatuwezi kukurudishia.