Kumcha Mungu Si Kumkimbia

Wenyeji wa mji wa Doldol na wa miji mingine inayouzunguka Mlima Kenya hawakungoja wamisionari waje kuwafundisha kwamba Mungu ni wa kuogopwa. Wakikuyu waliuita mlima huo Kirinyaga, wakaomba huku wameuelekea, kwa kuwa waliamini ni makao ya Ngai. Nao Wamasai humtaja Enkai kwa sura mbili, Enkai Narok, yaani Mungu mweusi wa mvua na neema, na Enkai Nanyokie, yaani Mungu mwekundu wa ghadhabu. Basi swali linalowakabili Wakristo wa nchi hiyo si kama Mungu aogopwe, bali ni hofu ya namna gani impasayo, na matunda yake ni yapi.

Maandiko Matakatifu yamejaa watu waliotetemeka. Musa aliuficha uso wake mbele ya kijiti kilichowaka bila kuteketea. Isaya alijiona amepotea kwa sababu ya uchafu wa midomo yake. Petro, nyavu zilipojaa samaki, alianguka magotini pa Yesu akamsihi aondoke kwake. Na Yohana, kisiwani Patmo, alianguka kama mfu. Kilichowaangusha si nguvu tu, bali utakatifu, yaani usafi wa Mungu usiochangamana na uovu, ambao humfunulia mwanadamu hali yake mwenyewe. Hata hivyo hakuna aliyeachwa chini: Musa alitumwa kwa Farao, Isaya kwa taifa lake, Petro akafanywa mvuvi wa watu, na Yohana akaamriwa kuandika aliyoyaona.

Adamu naye aliogopa, lakini alijificha kati ya miti ya bustani, na hapo ndipo njia mbili zinapoachana. Waisraeli walipoona moshi na radi za Sinai wakasimama mbali, Musa aliwaambia wasiogope, na papo hapo akawaeleza kwamba Mungu amekuja ili kicho chake kiwazuie wasitende dhambi. Hofu aliyoikataza ni ile ya mtumwa, imfanyayo mtu akimbie. Aliyoiagiza ni uchaji, yaani heshima kuu inayomsimamisha mtu mbele za Mungu na kumwongoza katika matendo yake.

Uchaji huo hupunguza hofu ya wanadamu. Shifra na Pua, wakunga wa Waebrania, walimcha Mungu, na kwa hiyo hawakuitii amri ya Farao ya kuwaua watoto wa kiume. Huku Nyeri na kandokando ya mlima, baada ya hali ya hatari kutangazwa tarehe 20 Oktoba 1952, wengi wa Wakristo wa uamsho, yaani harakati ya toba iliyoenea kutoka Rwanda katika miaka ya 1930, walikataa kiapo cha Mau Mau, wapiganaji waliopinga ukoloni, na wapo waliokataa vilevile kushika silaha za serikali ya kikoloni. Baadhi yao waliuawa. Mtu aweza kuhitilafiana nao, kwa maana waliokula kiapo walidai ardhi iliyonyang'anywa kweli. Lakini hawezi kusema kwamba kumcha Mungu kuliwafanya waoga.

Kwa hiyo mhubiri amtishaye mjane kwa laana ili atoe sadaka hamfundishi kumcha Mungu, bali anamrudisha kwenye maficho ya Adamu. Na mnunuzi wa mbuzi amlaliaye mzee asiyejua bei ya sokoni mjini Nanyuki, kisha Jumapili akalia kwa sauti kanisani, hajamcha Mungu bado. Kwa maana kitabu cha Mambo ya Walawi kinapokataza kumlaani kiziwi na kumwekea kipofu kikwazo, huongeza mara moja agizo la kumcha Mungu, kwani kiziwi hasikii na kipofu haoni, ila Mungu husikia na kuona. Kila Mkristo na ajipime hapo, katika mambo ambayo aliyedhulumiwa hana njia ya kuyagundua, wala asijipime kwa machozi ya ibadani.