Ondoeni Sarafu Hiyo

Mwandishi mmoja ameshauri kwamba kununua uzito mpya wa nyuma ya mkono wa gramafoni ni kutupa pesa, eti sarafu ya shilingi 10 juu ya sindano yatosha. Si kweli hata kidogo. Sarafu hiyo ina karibu gramu 5, na sindano nyingi za leo hutaka gramu 2 hivi. Santuri za benga za miaka ya 1970 tunazotunza huku Kibirichia nyingi hazitachapishwa tena. Mfereji ukishakwanguliwa, sauti imekwenda. Uzito mpya ukiwa mzito zaidi hukaa karibu na egemeo la mkono, ndipo mkono hufuata vizuri hata santuri iliyopinda. Asiye na pesa abaki na uzito wake wa zamani, ila aupime kwa mizani ya sindano.