Sabufa haikuoi

Leo nina neno na wanaume wenzangu, hasa wale tuliotoka geto juzijuzi na kuhamia kwenye nyumba yenye mtu wa pili.

Kuna kauli imeshamiri vijiweni na hata maofisini: mwanaume akipunguza mziki wake kwa sababu amehamia na mwenzake, basi amekaliwa. Mimi nimeshaambiwa na jamaa wawili pale chumba cha habari. Mmoja akaongeza kwamba leo umeuza spika, kesho utafunga kanga. Kanga nafunga tangu niko chuo, nikitoka kuoga, kwa hiyo hapo hajanitisha.

Ukweli wa mambo ndio huu. Tumehama Temeke kuja Kibada, Kigamboni, chumba na sebule. Nilikuwa na mziki wa heshima: amplifaya nzito, spika mbili zinazonifika kiunoni na sabufa ya inchi kumi na mbili. Mwenzangu anashona, na alikuwa na cherehani, meza ya kukatia na mafurushi ya vitambaa vya wateja. Sebule ni futi kumi kwa kumi na mbili. Ukishaweka kochi, ukuta unaobaki wenye soketi ni mmoja tu. Cherehani inalipa kodi. Sabufa haijawahi kuleta hata shilingi. Nikauza sabufa, spika kubwa na amplifaya yake kabla kirikuu haijavuka Daraja la Nyerere, nikanunua spika mbili ndogo za kuweka kwenye rafu na amplifaya ndogo.

Wanaosema nimepoteza raha ya mziki, nawaomba wakae chini tufanye hesabu. Futi kumi ni kama mita tatu. Chumba cha upana huo kina sauti yake chenyewe, kama mtungi ukipuliziwa mdomoni, nayo ni mitetemo kama 57 kwa sekunde. Sasa uzi wa A wa gitaa la besi unatetema mara 55 kwa sekunde. Maana yake, kila mpiga besi akigusa eneo hilo chumba kizima kinanguruma, akihamia noti nyingine besi inanyauka. Wewe unasema "mziki unapiga", kumbe kinachopiga ni kuta na bati la mwenye nyumba! Sabufa kubwa kwenye sebule ya futi kumi inakuficha besi yenyewe. Mimi nimeijua kazi ya mpiga besi wa Mlimani Park nikiwa na spika zinazoingia kwenye begi la mgongoni.

Halafu hizo wati. Boksi limeandikwa wati 10,000, unalibeba kutoka Kariakoo kifua mbele. Plagi yake ina fyuzi ya ampea 13, umeme wetu ni volti 230. Zidisha. Hazifiki hata 3,000. Hizo elfu saba zinatoka wapi, kwa mganga? Na hata zingekuwa za kweli, kuongeza wati mara mbili kunakupa desibeli tatu tu, tofauti ambayo sikio linaisikia kwa mbali. Ndugu zangu tumesoma, wengine tuna digrii zinaning'inia ukutani, lakini tukifika dukani tunanunua karatasi iliyobandikwa kwenye boksi.

Wazazi wetu waliisikia NUTA Jazz, bendi iliyoanza mwaka 1964, kwenye redio yenye spika moja. Upande wa Bara, mpaka Radio One na wenzake walipoanza miaka ya 1990, kituo kilikuwa Radio Tanzania basi. Waliimba kila neno, wakajua nani anapuliza tarumbeta. Sisi na sabufa zetu hatujui hata jina la mpiga gitaa.

Sisemi besi nzito ni dhambi. Singeli ni mziki wa uwanjani, kwenye kigodoro, watu mia tatu na vumbi. Huko weka maspika mpaka angani. Ninachokataa ni kuifanya sebule ya watu wawili iwe uwanja kila Jumamosi asubuhi, kisha ukiambiwa punguza unajibu "hii nimenunua kwa jasho langu".

Hilo la jasho ndilo linaloniudhi zaidi. Mwaka 1983, katika kesi ya Bi Hawa Mohamed na Ally Sefu, Mahakama ya Rufani ilikubali kwamba kazi za nyumbani za mke ni mchango katika mali ya ndoa. Zaidi ya miaka 40 imepita na bado kijana wa mjini anahesabu "vitu vyangu" na "vitu vyake" mlangoni. Na msijifiche kwamba hamjafunga ndoa. Kifungu cha 160 cha Sheria ya Ndoa ya 1971 kinasema mkiishi pamoja miaka miwili au zaidi na watu wakawachukulia mke na mume, mtadhaniwa mmeoana mpaka ithibitishwe vinginevyo.

Tena tangu tuhamie, wote wamenihoji mimi nimeuza nini. Hakuna hata mmoja aliyemuuliza yeye ameacha nini. Ameacha kitanda na kabati kwa mdogo wake, na wateja wa mtaa mzima ambao hawawezi kuvuka maji kwa ajili ya kupunguza kiuno cha sketi. Hiyo haikuitwa kukaliwa. Hiyo mnaita mwanamke kuhamia kwake.

Ila nanyi mnaouza kila kitu mkabaki na spika za runinga bapa, sipo upande wenu. Nyingi zimegeuzia spika nyuma au chini, muimbaji anasikika kama yuko ndani ya ndoo. Punguzeni, msifute. Spika mbili ndogo, ziachanisheni hatua mbili, zisibanwe kwenye kona, ziwe usawa wa masikio ukikaa. Zangu ziko juu ya rafu ya vitambaa. Cherehani ikiwa inakimbia nasubiri, maana mteja wa kesho asubuhi hajali Mlimani Park wanapiga nini.