Dakika 41 za uongo

Haya wadau, leo sina somo la programu. Nina hasira.

Fungua tovuti nyingi za kukokotoa umbali baina ya miji. Andika Garissa, kisha Mandera. Utajibiwa: kilomita 546 hivi, muda wa ndege dakika 41. Kilomita sina ugomvi nazo, nimezipiga mwenyewe kwa fomyula ya haversine, mistari kumi tu ya programu. Uongo uko kwenye dakika. Wanachukua 546, wanagawa kwa 800, basi! 800 ni mwendo wa ndege kubwa ya jeti ikiwa juu angani. Jeti gani hiyo ya Garissa kwenda Mandera? Mimi sijawahi hata siku moja kuuziwa tiketi ya safari hiyo moja kwa moja.

Mjomba wangu (abti, kwa lugha ya nyumbani) alifariki Mandera alfajiri. Nikaomba ruhusa ya siku nne. Bosi akafungua tovuti, akanigeuzia kompyuta: "Si dakika 41? Chukua siku moja."

Sisi Waislamu hatulazi maiti. Alizikwa mchana uleule na nilijua sitawahi, lakini nilitaka nikakae na mama, amepoteza kaka. Sasa fuata safari yenyewe. Basi mpaka Nairobi, kama kilomita 370 kuelekea magharibi, yaani unaipa Mandera mgongo. Lala Eastleigh. Asubuhi Wilson, ndege imejaa, subiri kesho. Halafu kilomita 807 za angani, kwa ndege ya mapangaboi inayokwenda kama 500 kwa saa. Jumla karibu kilomita 1,180, na nilifika siku ya tatu.

Mtu atasema, si ungepita barabarani? Novemba 2014 abiria 28 walishushwa kwenye basi lililotoka Mandera wakauawa. Desemba 2015 basi jingine likavamiwa, na Waislamu waliokuwemo wakakataa kutenganishwa na Wakristo. Mwalimu Salah Farah alipigwa risasi siku hiyo, akafariki Januari 2016. Hayo hayamo kwenye haversine.

Najua mtajitetea, wanaprogramu wenzangu: "Ni makadirio tu." Makadirio hayasemi 41! Anayekadiria husema kama saa moja. Ukiandika 41 unamwambia msomaji kwamba umepima, na bosi wangu alikuamini wewe kuliko mimi niliyezaliwa huku.

Dawa yake wala si ngumu. Chukueni ratiba za mashirika ya ndege. Pasipo na safari, acheni pahali pa muda patupu, null, kama tulivyofundishwa chuoni. Mkiona aibu ya jedwali lenye mapengo, andikeni: hakuna ndege.

Siku tatu zilikatwa kwenye mshahara wangu. Programu ya kurekebisha nimeshaiandika, anayetaka namtumia bure.