Mkunga Anapomtusi Mzazi

Wahenga walituachia methali isemayo, 'Usitukane wakunga na uzazi ungalipo.' Tuliikariri tangu shule ya msingi, tukaelezwa kwamba yatuonya tusimdharau anayetufaa ilhali bado twamhitaji. Sikumbuki mwalimu hata mmoja aliyeuliza swali la upande wa pili: mkunga naye akimtukana mzazi, je?

Swali hili lilinijia dada yangu alipojifungua kifungua mimba wake katika hospitali moja ya umma ambayo sitaitaja. Alifika usiku, akaambiwa njia haijafunguka, akarudishwa kwenye benchi. Alipolia kwa uchungu, muuguzi alimwuliza iwapo alilia hivyo siku ya kuitafuta hiyo mimba. Waliokuwapo wakacheka. Tangu hapo dada hakutoa sauti tena. Hata chupa ilipopasuka alinyamaza, akichelea kejeli nyingine, na mtoto akazaliwa pale pale benchini, akapokewa na mama mwingine aliyekuwa akingojea zamu yake. Baadaye alishonwa bila ganzi. Ashukuriwe Mungu, mtoto yu mzima. Hata hivyo, ukimwuliza dada habari za usiku ule, hatakusimulia sindano. Atakusimulia lile swali.

Yamkini msomaji atasema kwamba hiki ni kisa cha mtu mmoja. La hasha! Mwezi wa Agosti 2013, mama mmoja alizalia sakafuni katika ujia wa hospitali ya umma mjini Bungoma, vitanda vya kuzalia vikiwa vimejaa. Alipozinduka aliwakuta wauguzi wakimfokea, na makofi akapigwa. Kuna aliyelinasa tukio hilo kwa simu, nchi nzima ikalitazama kwenye runinga. Mwaka wa 2018 Mahakama Kuu ya Bungoma iliamua kwamba haki zake zilikiukwa, ikaamuru alipwe shilingi milioni 2.5 na aombwe radhi rasmi. Magazeti yalishughulikia zaidi hizo milioni. Mimi nadhani amri ya kuomba radhi ndiyo iliyokuwa na uzito, kwani mahakama ilikubali kwamba maneno nayo hujeruhi.

Haki ni kukiri kwamba wauguzi nao wana yao. Serikali ilipotangaza tarehe 1 Juni 2013 kwamba akina mama watajifungua bila malipo katika hospitali za umma, wazazi walifurika wodini, lakini vitanda na wahudumu havikuongezeka kwa kiasi hicho. Muuguzi anayewazalisha wanawake kadhaa peke yake hadi alfajiri hawezi kuwa na ulimi wa asali. Lakini uchovu waweza kueleza ukali wa sauti tu. Hauelezi tusi lililotungwa likatungika, ambalo mama wa Busia na mama wa Kilifi hulisimulia kana kwamba limetoka katika kitabu kimoja cha kiada.

Hapa ndipo sisi wanafunzi wa Kiswahili tunapoingia. Muuguzi wa Kenya hufunzwa taaluma yake kwa Kiingereza. Kwa Kiingereza anajua kueleza nyonga, kondo la nyuma na hatua zote za uchungu kwa staha ya kitaalamu. Anapomgeukia mama asiyejua Kiingereza, hana Kiswahili cha kazi hiyo. Anacho cha sokoni na cha kituo cha matatu, nacho kimejaa amri. 'Panua! Sukuma! Nyamaza!' Nani aliyewahi kumfunza kusema, 'Mama, sasa nitakupima, utahisi maumivu kidogo'? Nasi katika idara zetu tunaandika tasnifu baada ya tasnifu kuhusu arudhi (nami nimo, sijitoi), ilhali wodi ya wazazi, ambako lugha yetu hutumika usiku na mchana, haina mwanaisimujamii hata wa dawa.

Napendekeza chama chetu kiziendee shule za wauguzi zilizo jirani na vyuo vyetu, tuandae pamoja nazo somo fupi la Kiswahili cha uzazi: istilahi, maswali, maelezo na namna ya kumpoza mtu mwenye uchungu. Halihitaji fedha nyingi. Lahitaji wahadhiri wawili watatu walio tayari kuketi na wakunga na kuwasikiliza kabla ya kuwasahihisha.

Dada yangu sasa ana mimba ya pili. Hospitali iko kilomita mbili kutoka kwake. Juzi alinipigia simu kuniuliza iwapo yule bibi mkunga wa kijijini kwetu angali hai.